Justine Henin: mita 1.67, bekihendi ya mkono mmoja, mataji 7 ya Grand Slam (mashindano manne makubwa ya tenisi). Aliwezaje, na kwa nini aliacha akiwa namba moja?

Fungaseti
Wadau wa tenisi, salaam. Naomba tumchambue Henin wa Ubelgiji kiufundi, ushabiki tuuweke kando. Alishindana na kina Venus Williams, Davenport na Sharapova, wote wamepita mita 1.80, na bado akamaliza miaka ya 2003, 2006 na 2007 akiwa namba moja. Bekihendi (pigo la upande usio wa mkono wa raketi) ya mkono mmoja huteswa na mpira unaoruka hadi begani. Yeye alifanyaje? Halafu Mei 2008 akaondoka akiwa na miaka 25 tu. Ni majeraha au nini? Nauliza kwa sababu klabuni kuna binti wa miaka 13, mfupi, anapiga kwa mkono mmoja, na makocha wanabishana kama abadilishwe.

MstariWaNyuma
Mkuu, anza na mshiko. Simamisha raketi kwa ubavu: mpini una pande nane. Kwa anayetumia mkono wa kulia, kwenye mshiko wa kawaida wa bekihendi hii, fundo la chini la kidole cha shahada linakaa upande wa juu kabisa. Henin alizungusha kiganja zaidi ya hapo, kuelekea nyuma ya mpini. Mshiko huo unafunga uso wa raketi, hivyo unaweza kuupiga mpira wa juu kwa nguvu ukashuka ndani ya mstari badala ya kuruka nje. Gharama yake ni kwenye mpira wa chini kabisa: lazima magoti yashuke sana, au ubadili mshiko upige slaisi (pigo la kukata chini ya mpira, linalokwenda polepole na kubaki chini). Slaisi yake ilikuwa kali, na ndiyo iliyomnunulia muda kila alipovutwa pembeni.

Pili, mkono wa kushoto. Wengi wanausahau. Unashika shingo ya raketi, unageuza mshiko, kisha unavuta mabega hadi mpinzani aone sehemu ya mgongo wako. Mguu wa kulia unakanyaga mbele kabla ya raketi kuja. Mpira unapigwa mbele ya mguu huo, mkono ukiwa umenyooka, na wakati huohuo mkono wa kushoto unatupwa nyuma ili kifua kisifunguke mapema. Kifua kikifunguka, raketi inakuja ikikwangua pembeni na mpira unakosa uzito.

Sasa mpira wa begani. Kawaida aliuwahi ukiwa bado unapanda, haujafika begani. Akichelewa na kiwanja ni cha udongo, alirudi nyuma na kuusubiri ushuke. Wakati mwingine aliruka akaupiga akiwa hewani. Chaguo zote tatu zinategemea miguu kuliko mkono, kwa hiyo anayemwiga kwa kutazama raketi tu anaiga nusu.

Gemu_Sawa
Naongezea historia kidogo, maana hapa watu hurahisisha wakisema "alikuwa wa udongo tu". Roland Garros (mashindano ya Ufaransa, ya udongo) alishinda mara nne, ni kweli: 2003, 2005, 2006 na 2007. Lakini US Open, ambayo ni kiwanja kigumu, aliichukua 2003 na 2007, na Australia 2004. Olimpiki ya Athens 2004 pia ilikuwa kiwanja kigumu. Nusu fainali alikuwa nyuma 1-5 seti ya tatu dhidi ya Myskina wa Urusi, akageuza ikawa 8-6, kisha fainali akamfunga Mauresmo wa Ufaransa 6-3, 6-3 na kubeba dhahabu. Mwaka huo virusi vya saitomegalo vilimlaza kwa muda mrefu, kwa hiyo medali ile ina uzito wa pekee.

Mwaka wa kuutazama ni 2007: mataji 10, US Open akiwatoa Serena Williams robo fainali na Venus nusu fainali, na akawa mwanamke wa kwanza katika tenisi kupita dola milioni 5 za zawadi kwa msimu mmoja. Wimbledon ndiyo ilimkataa. Fainali mbili, 2001 na 2006, zote akapoteza kwa seti tatu, na 2007 Bartoli akamtoa nusu fainali 1-6, 7-5, 6-1.

Na msisahau doa. Nusu fainali ya Roland Garros 2003, Serena akiongoza 4-2, 30-0 seti ya tatu, Henin aliinua mkono kuonyesha hayuko tayari. Serena akapiga sevu (pigo la kuanzisha pointi, mchezaji ana nafasi mbili) ikagonga wavu, mwamuzi hakuuona ule mkono, na Henin akanyamaza. Serena hakurudishiwa sevu ya kwanza na gemu ile akaipoteza. Ni ufundi mkubwa, ila si kila kitu chake cha kumfundishia mtoto.

Fungaseti
Nimeelewa vizuri. Na sevu? Kwa kimo kile naona ndipo pengo lingekuwa kubwa.

KochaWaJioni
Ndipo lilipokuwa, na linahusiana na swali lako la kustaafu.

Wavu una sentimita 91.4 katikati. Mchezaji mrefu anaupiga mpira kutoka juu zaidi, kwa hiyo sevu iliyonyooka ina nafasi pana ya kupita juu ya wavu na bado ikatua ndani ya kisanduku. Mfupi nafasi hiyo inambana, kwa hiyo sevu ya pili inabidi izungushwe ili ipande kisha ishuke. Henin alilazimisha kasi kwenye ya kwanza kwa kutumia miguu na mzunguko wa kiwiliwili, na gemu ikiwa ngumu makosa ya sevu mara mbili yalimtoka.

Matokeo yake, pointi za bure hakuwa nazo nyingi. Karibu kila pointi aliijenga kwa kukimbia. Mtindo huo unalipa wakati miguu na kichwa viko sawa, lakini vikilegea kidogo tu alama zinaanguka vibaya. Tazama 2008: Australia, Sharapova alimfunga 6-4, 6-0 robo fainali na kukata mfululizo wa ushindi 32. Miami, Serena 6-2, 6-0. Berlin akafungwa na Safina, na tarehe 14 Mei akatangaza kuacha, siku 11 kabla ya Roland Garros aliyokuwa akiitetea. Hakuwa na jeraha moja kubwa la kulaumu. Alieleza kwamba hamu imeisha. Akaomba jina liondolewe kwenye orodha, na Sharapova akapanda namba moja.

Alirudi Januari 2010, shabaha ikiwa Wimbledon. Alifika fainali ya Australia na kupoteza kwa Serena, akachukua mataji mawili, Stuttgart na 's-Hertogenbosch. Kisha Wimbledon yenyewe, akicheza na Clijsters, akaanguka na kuumiza ligamenti ya kiwiko cha kulia. Bekihendi ya mkono mmoja na sevu vyote hupitia kiwiko hichohicho. Januari 2011 akaacha moja kwa moja, akiwa na mataji 43 na wiki 117 za namba moja.

MstariWaNyuma
Kuhusu binti: msiamue kwa kimo. Mlishieni mipira 20 kwa mkono, ya kiunoni, halafu 20 ya kifuani. Akipiga mbele ya mguu wake wa mbele kwenye mingi ya kiunoni, abaki na mkono mmoja. Ya kifuani ikimshinda, angalieni kwanza kama anachelewa kugeuza mabega, kabla ya kulaumu nguvu. Kinachotakiwa kuwatisha ni kiwiko kutangulia kuelekea wavuni huku raketi ikibaki nyuma, maana hapo ndipo maumivu ya kiwiko huanzia. Mkiona hivyo, punguzeni uzito wa raketi na mrudi kwenye mipira laini ya mazoezi kwanza. Na slaisi afundishwe sasa, asisubiri awe mkubwa.

Fungaseti
Sawa mkuu, Jumamosi tunaanza na hiyo ya kiunoni.