Tupeane uzoefu: ile filamu ya Bonge na mwenzake wanatafuta hazina kisiwani, nani aliiona mpaka mwisho?

Mzee wa Deki:
Wakuu salama? Jana nimekaa na kijana wangu nikamsimulia habari za wale waigizaji wa Kitaliano, Bud Spencer, ndio Bonge wetu, na mwenzake Terence Hill, akawa ananiangalia tu kama namtania. Nikaikumbuka ile ya kisiwani ya 1981, dairekta wake Sergio Corbucci, jina la Kitaliano refu kama treni, Chi trova un amico trova un tesoro, yaani aliyepata rafiki kapata hazina. Sisi tulikuwa tunaiita tu Bonge na Hazina.

Kwa ambao hawakuwepo: Terence Hill ndani ya filamu anaitwa Alan, wahuni wanamsaka kwa deni la kamari, kapata fununu kuna hazina kisiwa kinaitwa Pongo Pongo, basi anaingia kimyakimya kwenye boti ya Charlie, ndio Bonge mwenyewe, ambaye anasafiri peke yake baharini na wadhamini wake ni watengeneza jamu. Bonge anajua yuko mwenyewe kumbe kuna mtu humo ndani. Hapo banda zima tuko hoi.

Mimi niliiona Tanga, Ngamiani, 1986, niko darasa la tano. Bara hatukuwa na kituo cha tivii hata kimoja mpaka 1994, kwa hiyo kwetu sisi sinema ni deki ya mtu mmoja, chumba kimoja, kaniki dirishani, shilingi kumi mlangoni, watoto chini wakubwa kwenye mabenchi, joto usiombe. Bwana wee wamefika kisiwani, wanakaribia hazina, anatokea mwanajeshi wa Kijapani ambaye hajui kama vita ya pili imeisha, ile anatokea tu PAAA, umeme umekatika. Tukasubiri, tukatolewa, hela hairudi. Tumetoka nje naona taa ya duka la pembeni inawaka tukasema aah hawa watakuwa na jenereta. Mpaka leo sijui hazina aliipata nani. Na wewe ulikwamia wapi?

Bi Mdogo wa Mkunazini:
Mie kwetu Unguja tivii tulikuwa nayo tangu miaka ya 70 tena ya rangi, msinijumlishe na nyie wa bara 😂 lakini hii sikuiona tivii, ami yangu aliileta kanda kutoka Muscat. Tumekaa nyumba nzima mpaka bibi, naye alikuwa hafahamu hata neno moja ila Bonge akimshushia mtu ile ngumi ya utosini kama anapigilia msumari, bibi anasema "ongeza!" Basi tunafika pazuri, mara picha inacheza mistari, mara tunaona maua, kiti cha bibi harusi, taarab inalia. Kumbe dada keshaazima kanda akarikodia harusi ya rafikiye juu yake. Ami hakusema kitu, alitoa kanda kwenye deki, akaitia mfukoni, akatoka. Ile harusi tumeiangalia mara ngapi sijui, na bi harusi mwenyewe keshaachika zamani.

Mkaa Voi:
Haha sisi huku Kenya wacha niwaambie, mimi niliiona kwa basi la usiku kutoka Mombasa kwenda Nairobi, ile screen ndogo hapo mbele na mimi nimekaa nyuma kabisa juu ya tairi, sauti ni ya injini. Tukafika Mtito Andei watu wakashuka kunywa chai, kurudi kondakta ameshaweka mahubiri. Nikamuuliza boss na ile ya Bonge? Akaniambia imeisha. Imeisha aje na tulikuwa nusu?

Lakini kuna kitu lazima niseme, niliitafuta tena vipande vipande nikiwa mtu mzima na wale wenyeji wa kisiwa hawakunifurahisha. Yaani mweusi akiwa kisiwani kwa filamu za wakati huo ni lazima avae majani na acheze ngoma. Nikiwa mtoto nilicheka. Sasa nacheka Bonge akipiga watu, hapo kwingine nangoja tu ipite.

Darasa Huru:
@Mkaa Voi umesema kweli kabisa. Ila yule Mjapani msimchukulie kama utani mtupu, mambo hayo yalitokea. Hiroo Onoda alikuwa Ufilipino, kisiwa cha Lubang, kajisalimisha 1974, miaka karibu 29 baada ya vita kwisha, mpaka aliyekuwa mkubwa wake jeshini akapelekwa kumsomea amri ya kuacha. Mwaka huohuo Desemba akapatikana mwingine Indonesia, kisiwa cha Morotai. Kwa hiyo mwaka 1981 habari bado ya moto, ndio wakaichekeshea.

Mbongo wa Stuttgart:
Mimi uzoefu wangu ni tofauti kidogo. Nipo Ujerumani mwaka wa 11 sasa, na huku Bonge wanampenda pengine kuliko Wataliano wenyewe. Kuna mji hapa karibu unaitwa Schwäbisch Gmünd, 2011 watu walipiga kura mtandaoni barabara ya chini ya ardhi iitwe Bud Spencer, halmashauri ikagoma, ila wakampa bwawa la kuogelea la pale mjini, kwa sababu 1951 aliwahi kuja kushindana pale. Watu hawajui jamaa alikuwa muogeleaji kweli, jina lake halisi Carlo Pedersoli, Mtaliano wa kwanza kuogelea mita 100 chini ya dakika moja, kaenda Olimpiki Helsinki 1952 na Melbourne 1956. Nimewapeleka watoto pale, nimeingia majini, nikajisikia kama nimehiji 😅

Halafu kilichoniacha hoi ni sauti. Wajerumani walipozitia hizi filamu Kijerumani walichomekea maneno yao, vijembe ambavyo havipo kwenye ile ya asili, mtu kageuka kisogo midomo haionekani basi wao wanamtia utani. Nikasema khaa, mbona haya ni mambo ya watafsiri wetu wa vibanda umiza! Jamaa anapiga kwa maiki "huyu Bonge leo hajala ugali mnamchokoza wa nini" na Bonge mwenyewe wala hajafungua mdomo.

Mzee wa Deki:
@Mbongo wa Stuttgart sasa mkuu umeogelea kwenye bwawa lake halafu mwisho wa filamu hutuambii?

Mbongo wa Stuttgart:
Nikiiwekaga nalala. Zamu za usiku kiwandani mkuu, Mjapani akitokea mimi nishaanza kukoroma.

Mlango wa Nyuma:
Nimesoma uzi wote kimya nikawa najiuliza niseme nisiseme. Mzee wa Deki, hilo banda la Ngamiani ni lile lenye mlango wa bati la bluu, mbele kuna mti wa mkungu? Kama ndilo, mimi ndiye niliyekuwa nakaa mlangoni nakusanya hela. Umeme haukukatika kaka. Show ya saa kumi ikichelewa kuanza, wa saa kumi na mbili washajaa nje wanapiga mabati, bosi ananikonyeza, mimi nazunguka uani kwenye meinswichi. Ile filamu niliizimia kwa Mjapani kama mara nne hivi, maana pale watu wanapiga kelele hakuna anayesikia swichi.

Mzee wa Deki:
Wewe.

Mzee wa Deki:
Miaka yote hii nawalaumu watu wa umeme. Shilingi kumi yangu naitaka, na usinihesabie kwa thamani ya leo. Na hazina aliipata nani?

Mlango wa Nyuma:
Sijui mkuu, mimi muda huo nilikuwa uani.