Ushauri: sehemu ya beringi 6206 kwenye shafti haikai kwenye kipimo

Chuma_Ngamiani: Wakuu, heshima kwenu. Nipo Tanga, nakereza shafti ya mashine ya kusokota kamba za mkonge. Panapokaa beringi (6206, tundu lake mm 30) panatakiwa 30 k6, yaani kipenyo kati ya mm 30.002 na 30.015. Shafti imetoka nje ya taya za mashine mm 180, nyuma imeshikwa na senta (ncha inayoegemeza mwisho wa shafti). Kisu ni kabaidi, kona (mviringo wa ncha yake) 0.8. Nikibakiza 0.04 kisha nikaingiza kidogo, mara hakikati kabisa, mara kinakula 0.06. Halafu upande wa senta ni mnene kwa 0.03. Tatizo ni nini?

Mkereza_TZ: Hiyo 0.04 ndiyo inayokuponza. Makali ya kabaidi nyingi yamepunguzwa ukali kiwandani ili yasivunjike. Ukiyapa chuma chembamba hivyo yanasugua tu, shafti inasukumwa pembeni, halafu ghafla kisu kinazama. Weka kona ya 0.4, au kisu cha HSS (chuma kigumu cha visu) kilichonolewa kama wembe. Bakiza 0.60 kwenye kipenyo, kata 0.30, pima. Mkato wa mwisho uwe karibu sawa na huo, kwa spidi ileile na fidi (mwendo wa kisu kufuata shafti) ileile, tuseme 0.08 kwa mzunguko. Ukipima 30.325 na unataka 30.010, ingiza 0.315. Shafti inapinda kiasi kilekile mara zote mbili, kwa hiyo hesabu inakubali. Daili yako (duara lenye mistari kwenye mkono wa kuingizia kisu) inasoma kipenyo au nusu yake?

Chuma_Ngamiani: Nusu, mkuu. Na mstari mmoja ni 0.02.

Mkereza_TZ: Basi mstari mmoja unaondoa 0.04! Hapo huwezi kuilenga k6. Zungusha slaidi ndogo ya juu, ile inayobeba kisu, ikae nyuzi 5 na dakika 44 kutoka mstari wa shafti. Ukiisukuma 0.10 kisu kinaingia 0.01, kipenyo kinapungua 0.02. Kwa ile 0.315 utasukuma 1.575. Ila angalia bega la shafti: kisu kimesogea pia karibu 1.57 kuelekea kwenye taya, usije ukaligonga. Ukipitiliza daili, rudi nusu mzunguko ndipo uingie upya, maana skrubu ina uchezaji.

Bomba_la_Pangani: Kuhusu unene, kwanza hakikisha senta imekaza. Ikilegea, upande huo unakwepa kisu. Kama imekaza, sogeza kichwa cha nyuma (kinachobeba senta) kuja upande wa kisu 0.015, ukisoma kwa saa ya kupimia. Hiyo 0.015 ni kama ulipima karibu na miisho yote miwili. Kama ulipima sehemu zilizoachana mm 90 tu, sogeza 0.03.

Na usipime ya moto. Mm 30 za chuma zikipanda nyuzi joto 40 zinavimba kama 0.014, wakati nafasi yako yote ni 0.013. Joto la Tanga lenyewe halina neno, maikromita nayo ni chuma. Shafti na maikromita zikae pamoja mpaka zilingane. Vernia iache kabatini.

Mkereza_TZ: Msasa namba 400 wenye mafuta ni wa 0.005 za mwisho tu. Zaidi ya hapo unaharibu umbo. Na usiuzungushie kidoleni.