Naomba msaada: nataka kamera ya kumwangalia mbwa nikiwa kazini

mkazi_wa_goba
Wakuu habari za jioni. Nina mbwa wangu mzee, ana miaka 12 na nimemlea tangu mdogo kabisa. Mwezi uliopita kaanza kupata kifafa, anaanguka ghafla anatapatapa, povu linamtoka, kama dakika moja hivi inaisha halafu anazunguka ndani kama haoni. Daktari wa mifugo kampa dawa ya kifafa, fenobabitoni, asubuhi na jioni, akaniambia kila ikimtokea niandike saa ngapi na imechukua muda gani, na ikipita dakika 5 haijaisha nimkimbize kwake hapo hapo. Sasa mimi natoka Goba saa 11 alfajiri naenda Posta narudi saa 2 usiku, nyumbani anabaki na dada wa kazi, naye saa 8 anamfuata mtoto shule. Nataka niwe namchungulia kwa simu. Faiba sina, nina ruta ya laini naweka bando. Ipo simu ya zamani ya Android, kioo kimepasuka ila kamera nzima. Inatosha au ninunue kamera? Na bando si litaisha siku mbili?

fundi_waifai
Pole sana mkuu. Anza na hiyo simu kabla hujatoa hela. Shusha apu inaitwa Alfred kwenye simu zote mbili, ingia kwa akaunti moja ya Google, ya zamani chagua iwe kamera na ya mfukoni iwe ya kuangalizia, kwisha. Itoe kava na usiiweke dirishani juani, maana simu inayokaa kwenye chaja kutwa inachemka na betri inavimba, kwaiyo kila wiki iangalie mgongo, ukiona umeanza kuinuka itoe kabisa usiitumie tena.

Bando linaliwa pale unapoangalia. Picha kali ya megabiti 2 kwa sekunde inakula kama MB 900 kwa saa, ukishusha ubora mpaka nusu megabiti inakuwa kama MB 225. Sasa ukichungulia dakika 2 mara 10 kwa siku ni MB 75 tu, ila kumbuka zinaliwa pande zote mbili, kwenye ruta na kwenye simu yako ya kazini.

mama_wa_paka_3
Naongezea, kifafa cha mbwa mara nyingi kinakuja akiwa amepumzika au amelala, kwaiyo usilenge mlango, lenga pale anapolala, na iwe chini chini uone miguu na mdomo. Tatizo la simu ni giza, usiku haitaona kitu. Ukija kununua chukua yenye infraredi, yaani taa isiyoonekana kwa macho inayoifanya kamera ione gizani, na sehemu ya memori kadi, hata intaneti ikikata inaendelea kurekodi, ukirudi unaangalia muda kamili ulioanza na ulioisha, na hicho ndo daktari anachotaka. Usiiweke nyuma ya kioo, ile taa inarudi yenyewe unaona weupe mtupu. Halafu kamera nyingi za bei ya kawaida zinashika waifai ya gigahezi 2.4 peke yake, mimi nilihangaika siku nzima najua kamera mbovu kumbe ruta ilikuwa kwenye 5.

Umeme ukikatika kamera ya USB inaweza kukaa kwenye pawabenki ila jaribu kwanza, zipo pawabenki zisizotoa umeme huku zinachajiwa. Ruta yako soma adapta yake imeandikwa volti ngapi ndo utafute kile ki-UPS kidogo, betri ya kuiwasha ruta umeme ukikatika, cha volti hizo hizo.

jirani_mwema
Mi nataka kusema kuhusu dada. Mwambie kabla hujaweka, muoneshe inapoangalia, na isielekee anapolala wala anapobadilishia nguo. Huyo ndo mkono wako pale nyumbani, akijua mapema mtakuwa mnasaidiana, akigundua mwenyewe ataona unamchunguza yeye na atakuwa na haki ya kukasirika. Na ukinunua kamera badilisha paswedi iliyokuja nayo siku ile ile, mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilivamia kamera na vifaa vingi sana duniani kwa kujaribu tu paswedi za kiwandani.

Pia mfundishe asimtie mkono mdomoni, asogeze viti na meza, aangalie saa, amuache mpaka itulie. Na ile saa 8 akiwa shule tafuta jirani mwenye ufunguo, maana ukiona kwa simu ukiwa Posta mpaka ufike Goba na foleni ile hizo dakika 5 zimepita zamani.

mkazi_wa_goba
Asanteni sana. Jumapili nimeweka ile simu kwenye stuli pembeni ya mkeka wake, dada nimemuonesha na yeye ndo kaniambia niisogeze maana meza ilikuwa inaziba. Ufunguo kachukua mama wa nyumba ya pili, anamjua mbwa. Leo saa 4 na dakika 10 apu imeniita nikaona kaanguka, nikampigia dada akasogeza kiti akakaa naye chini, sekunde 50 ikaisha, nimeandika. Kamera yenye infraredi ntanunua mwisho wa mwezi. Sa hivi amelala miguuni kwangu.