Tromsø, Norwei: Desemba, Machi au Juni? Naomba ushauri

Mama Zawadi: Wakuu, habari za humu. Mimi na mume wangu tunataka kwenda Tromsø siku sita. Haja yetu ni kuona aurora (ile mianga ya rangi angani usiku), kupanda sleji, kigari cha theluji kinachovutwa na mbwa, na nyangumi ikiwezekana. Yeye anataka Juni akikwepa baridi, mimi nawaza Desemba. Nani yuko sahihi?

Kaskazini Kabisa: Dada, hakuna. Juni futeni: kuanzia takribani 20 Mei hadi 22 Julai jua halizami kule, na aurora haionekani mbinguni kukiwa kweupe. Desemba jua halichomozi kabisa. Mchana mnapata saa chache za mwanga kama wa alfajiri, kisha giza. Baridi yenyewe si ya kutisha, maana mkondo wa bahari wa joto unapita pwani. Kinachoharibu safari ni mawingu.

Nendeni Machi. Usiku bado una giza la kutosha, mchana unafikia urefu wa saa 12 karibu na tarehe 20, na theluji ni nyingi. Aurora nayo huchangamka zaidi majira hayo, usiku na mchana vinapolingana.

Bwana Viza: Ila Machi nyangumi hampati. Wanafuata samaki aina ya heringi, na msimu wao ni Novemba hadi Januari, miaka ya karibuni zaidi upande wa Skjervøy. Kutoka Tromsø ni saa kadhaa za boti, mawimbi juu. Na Novemba mapema theluji haina uhakika. Mbwa wanaweza kuwavuta kwenye kigari cha magurudumu. Viza ya Schengen (ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Norwei ikiwemo) ombeni mapema, dirisha linafunguka miezi 6 kabla ya safari; bima ya matibabu isipungue euro 30,000.

Mama Zawadi: Basi nyangumi tumewasamehe. Nguo je?

Kaskazini Kabisa: Ya ndani iwe sufu, si pamba. Pamba ikishalowa jasho haikauki, na mkisimama nje usiku kusubiri aurora mtatetemeka hata ndani ya koti zito. Nunueni miiba ya kufunga chini ya viatu, njia za mjini huwa barafu tupu. Simu ikae mfuko wa ndani, baridi inamaliza chaji.

Ziara ya aurora wekeni usiku wa kwanza, ili mawingu yakiziba mbaki na siku za kurudia. Ulizeni kama gari linafika Skibotn, humo humo Norwei, au Kilpisjärvi, ng'ambo ya mpaka Finland: kule ni nyuma ya milima, mbingu huwa safi zaidi. Pasipoti mkononi.