Babu, nimefika kwa Shakespeare

Dada Mkubwa: Kamwene nyote! Babu, shikamoo. Nipo Stratford, Uingereza, nimekaa nje ya kanisa alikozikwa Shakespeare, yule mwandishi wa michezo ya kuigiza. Asubuhi nilikuwa kwenye nyumba aliyozaliwa.

Babu: Marahaba mjukuu wangu, kamwene. Andika taratibu, miwani ninayo. Kile kitabu ulikibeba?

Dada Mkubwa: Ninacho Babu. Nimekizungushia kitenge jalada lisizidi kuchanika.

Kitindamimba: Kitabu gani?

Mama: Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969. Ndicho Babu yako alichofundishia mpaka anastaafu.

Shangazi Mafinga: Tueleze hiyo nyumba mwanangu, tuione na sisi.

Dada Mkubwa: Shangazi, ni nyumba ya miti na udongo! Nguzo za mbao zimesimamishwa, katikati fito zimesukwa zikakandikwa, juu yake chokaa. Nimesimama pale nikaikumbuka nyumba ya zamani ya bibi kule shamba. Baba yake Shakespeare alikuwa fundi wa glovu. Kuna chumba cha karakana, ngozi zimetundikwa, mezani glovu za ngozi laini. Nimewaza mtoto anakulia humo, kila siku harufu ya ngozi.

Shangazi Mafinga: Kumbe mtoto wa fundi! Mimi siku zote najua alitoka kwa wakubwa.

Dada Mkubwa: Baba yake alipanda mpaka akawa mkuu wa mji, baadaye madeni yakamwelemea. Shakespeare mwenyewe chuo kikuu hakusoma.

Babu: Hilo nilikuwa nawaambia wanafunzi siku ya kwanza kabisa, kabla hatujafungua kitabu.

Dada Mkubwa: Kanisa lenyewe ndilo alilobatizwa 1564, na humohumo akazikwa 1616. Kwenye jiwe la kaburi kuna maneno ya kumlaani atakayeihamisha mifupa yake.

Mama: Eee!

Shangazi Mafinga: Na hawajaigusa?

Dada Mkubwa: Jiwe lipo palepale, mbele karibu na altare. Watu wanapita kimya.

Babu: Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, hakuachiwa nafasi ya kuandika laana. Alikufa 1898, kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Fuvu lilirudi Kalenga 1954. Nilikuwa mdogo, baba alinishika mkono tukaenda. Wazee walikuwa wanalia, mimi sikuelewa kwa nini. Nilielewa baadaye sana.

Mama: Pole baba.

Kitindamimba: Babu, hivyo vitabu vyake aliviandika humo kwenye nyumba ya udongo?

Babu: Hapana, kazi yake kubwa ilikuwa London, kwenye majumba ya maigizo. Sasa sikiliza hili. Alipokufa, michezo yake mingi ilikuwa haijawahi kuchapwa. Waigizaji wenzake wawili, Heminges na Condell, waliikusanya, ikatoka kitabu kimoja 1623, michezo 36. Nusu yake ndiyo ilikuwa inachapwa mara ya kwanza, na Juliasi Kaizari, mchezo mwingine aliotafsiri Mwalimu, ulikuwamo. Wale wawili wangekaa kimya, Mwalimu mwaka 1963 angetafsiri nini?

Kitindamimba: Yaani rafiki zake ndio walioiokoa!

Babu: Ndiyo. Miaka 7 baada ya msiba, bado wanamfanyia kazi mwenzao.

Shangazi Mafinga: Huo ndio urafiki.

Dada Mkubwa: Babu, nilipofika kaburini nilikitoa kitabu chako kwenye kitenge. Sikupanga, mkono wenyewe ulienda. Nikafungua pale Shylock, yule mkopeshaji, yuko mahakamani na kisu akidai nyama ya mwili wa mdeni wake, nikasoma ukurasa mzima kwa Kiswahili, sauti ya chini.

Mama: Mwanangu.

Babu: Ukurasa upi?

Dada Mkubwa: Ule ulioandika pembeni kwa penseli, "wasome polepole hapa".

Babu: Hao ni Kidato cha 3. Walikuwa wanakimbilia kisu, wanaruka maneno ya Portia, yule mwanamke aliyejifanya mwanasheria, kuhusu huruma. Uliyasoma?

Dada Mkubwa: Yote Babu. Polepole.