Mrejesho: ule mfumo wa kuwapima mafundi gereji

Wakuu, niliuliza namna ya kuwapa maksi mafundi wetu, maana bosi alitaka tuwapange wa kwanza hadi wa mwisho kila mwezi, wa mwisho akose bonasi.

Nikamwonyesha kwamba Microsoft nao walikuwa na mtindo wa kulazimisha kila timu iwe na watu wa maksi za chini wakaufuta 2013, watu walikuwa wanapigana vita wenyewe kwa wenyewe, akanielewa. Sasa hivi kila fundi anapimwa kwa kazi yake: gari imerudi na tatizo lilelile au haijarudi, amemaliza ndani ya muda aliomwahidi mteja, na amemfundisha nini saidia fundi. Hicho cha mwisho ndo kimebadilisha gereji aisee, zamani anayejua umeme wa gari anaficha ujuzi kama dawa ya mganga, siku hizi anaita vijana waje waone.

Yule aliyetaja OPRAS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa serikali Tanzania ulioanza 2004, asante sana, wazo la fundi na msimamizi kukubaliana malengo kabla ya kazi tumelichukua, ila sisi tunakaa kila mwisho wa mwezi badala ya kusubiri mwisho wa mwaka, sasa mtu umkosoe Juni kwa kitu cha Agosti ya mwaka uliopita atakumbuka nini?

Bado kugumu hapa: gari mbovu zaidi tunawapa mafundi wazuri zaidi, kwa hiyo ndo zao zinazorudi sana na maksi zinashuka, hiyo siyo haki kabisa. Tunafikiria kupima na ugumu wa kazi, aliyewahi kufanya hivyo anipe muongozo.