Setilaiti hupimaje hewa mahali tunaposema hakuna hewa?

Mwl_Igombe
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia sekondari, huku Ilemela karibu na mwalo wa Igombe. Jana niliwaambia wanafunzi kwamba setilaiti huzunguka huko juu kusiko na hewa. Binti mmoja, baba yake mvuvi wa dagaa, akanyoosha kidole: "Mwalimu, kama hakuna hewa, mbona nyingine zinaanguka?" Nimemwahidi jibu Jumatatu, na sitaki kubahatisha. Nasikia kuna setilaiti ya kupima hewa ya juu iliyowahi kurushwa Malindi. Ilipimaje?

PwaniYaKale
Ni kweli, Mwalimu. Iliitwa San Marco 2, mali ya Waitaliano. Ilirushwa 26 Aprili 1967 kwa roketi ya Scout ya Marekani, kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini karibu na Malindi. Hewa haikatiki ghafla, inazidi kuwa nyembamba tu. Kilomita 200 juu bado ipo, na chombo kinachokwenda karibu kilomita 8 kwa sekunde lazima kiihisi.

Profesa Luigi Broglio, Mwitaliano, alitengeneza tufe la upana wa sentimita 66 hivi. Nje ganda jepesi, ndani pipa zito la vyombo, katikati vikono vinavyonepa. Hewa inaligusa ganda peke yake. Ganda likizuiwa, pipa linataka kuendelea na safari, vikono vinanepa kidogo sana, na huko kunepa ndiko kunakopimwa.

Na hewa hiyo huvimba jua likichafuka. Februari 2022 zilirushwa setilaiti 49 za intaneti za Starlink. Dhoruba ya jua ikapiga, hewa iliyovimba ikazivuta chini, karibu 40 zikapotea.

Dagaa_Kayenze
Mwalimu, huyo binti hilo analijua tayari, mkumbushe tu. Tukirudi alfajiri tumejaza, nikizima injini ghafla maji yanaushika mtumbwi, lakini ndoo iliyo sakafuni inateleza kwenda mbele mpaka inagonga ubao. Mtumbwi ndio ganda, ndoo ndiyo pipa. Mimi nimeokota dagaa chini mara nyingi kwa sababu hiyo.

Mwl_Igombe
Ndugu yangu wa Kayenze, ubarikiwe sana. Nimeisoma mara tatu. Je, ilipita huku kwetu?

PwaniYaKale
Ilipita huku au jirani, tena kila mzunguko. Njia yake ilijitenga na ikweta kwa digrii kama 3 tu, na Mwanza iko digrii 2.5 kusini. Kwa hiyo kila baada ya saa moja na nusu na kitu ilikuwa juu ya ziwa au si mbali nalo, miezi ile yote, hadi Oktoba 1967 iliporudishwa chini na hewa ileile iliyokwenda kuipima.

Mwl_Igombe
Nimempigia baba yake binti. Jumatatu saa nne mtumbwi utakuwa mwaloni. Wataingia watatu watatu, kila mmoja na jaketi okozi, na ndoo moja ya mchanga. Binti ndiye atakayezima injini.